Nyeupe za Mavyaa

Bahasha ilikuwa ya bili ya umeme, kuukuu,
nyuma yake mwandiko wa Irmgard, mavyaa wangu:
Nyeupe. Hazitaki mtu wa haraka.
Mtu wa haraka ni mimi.
Alinipa siku aliyohamia makao ya wazee, Baraboo.
Hakuniaga. Alisema, "Zisioze tu."

Mbegu zenyewe hazina sura ya kitu:
vipande vya rangi ya nyasi kavu,
kama kucha zilizokatwa zikasahauliwa zuliani.
Nilizimimina kiganjani, nikahesabu arobaini na moja,
nikaogopa kupumua.

Januari, Wisconsin. Theluji imefika kwenye sanduku la barua.
Natoka zamu ya usiku kiwanda cha jibini,
nywele zinanuka maziwa yaliyoganda,
kwapani magaloni matupu ya plastiki.
Nayakata kiunoni, nayatoboa kitakoni kwa msumari wa moto,
udongo vidole vinne, mbegu juu, udongo kiduchu tena,
nafunga kwa utepe, nayaacha nje.
Delmar yuko dirishani na kikombe chake:
"Umeanza kupanda barafu?"
Namwambia hizi haziamki mpaka zionje baridi,
zilale humo mwezi, miwili, ganda lilegee.
"Basi," anasema, "ni za mama kweli."

Machi, barafu. Aprili, matope.
Tarehe tatu Mei, galoni la tano,
vijani viwili, vidogo kuliko kifungo cha shati.
Nilipiga magoti kwenye umande na sare ya kazi
nikacheka peke yangu.

Mwaka wa kwanza ni majani.
Majani tu, yanakwaruza kama ulimi wa paka,
na sungura aliyekula sita kwa usiku mmoja
bila hata kunawa.
Irmgard akipiga simu nasema zinaendelea.
"Zimechanua?"
Hazijachanua.
"Aa."
Hiyo aa yake ina urefu wa shamba la mahindi.

Mwaka wa pili, Julai, lami inanata viatuni,
zikafunguka: petali nyeupe, zimelegea kwenda chini,
katikati kichwa cha kalunguyeye,
kijani kwanza, kisha chungwa, miiba tele,
na nyuki wanaizunguka miiba ile mmoja mmoja
kama mtu anayetafuta funguo zake.
Nyeupe kumi na nne.
Na mmea mmoja, katikati yao, zambarau.
Zambarau isiyoona haya.

Nilitaka kuung'oa. Nilishika shina.
Kisha nikakata ua moja, nikalifunga gazeti lililoloa,
nikaendesha hadi Baraboo
niseme mwenyewe kabla Delmar hajasema.

Alilisogeza puani, miwani ikining'inia.
Mtu alikuwa anakohoa ukumbini.
"Kila mwaka," alisema, "zilitokea mbili, tatu.
Niliziamkia alfajiri na koleo,
kabla ya Walter, kabla ya watu wa kanisani.
Miaka thelathini wananisifu kwa weupe ule."
Akalitia ua kwenye glasi ya meno yake ya bandia.
Meno akayaweka juu ya Biblia.
Sikujua la kusema. Nikafungua dirisha.

Septemba vichwa vimekauka, vyeusi. Sivikati.
Chiriku wa manjano huja, huning'inia, huchambua,
hutema makapi kwenye ngazi nilizofagia.
Walizobakiza nimezikusanya, za mimea yote, zimechanganyika,
ndani ya bahasha nyingine ya umeme.
Kalamu nimeishika muda mrefu.
Nyuma nimeandika mwaka tu.