Rangi ya Joto

Kwenye kioo cha Koplo Mwanaesha, kambini Manda,
kila chenye joto ni cheupe.
Juzi aliiona mifuko ikitoswa nje ya Kiwayu;
helikopta ya jeshi ikaruka, saba wakatiwa pingu,
wakubwa wakapigwa picha na unga.

Usiku huu droni yakatiza juu ya Langoni.
Anaijua ile dari, lile pipa,
kamba ya nguo za mamake.
Na penye ukuta wa gofu, mtu kajikunja,
goti kidevuni, vile vile kama chuoni:
Shee, mdogo wake.
Mweupe. Anafifia kuanzia vidoleni.

"Nini pale?" sajini auliza.

"Punda," asema,
asijue kama amedanganya,
akaigeuza kamera baharini.