Betri Mbili

Lori la baba lilizaliwa kabla yangu.
Lilibeba pamba ya Magu misimu kumi na saba,
na hata leo ukilipiga bodi ngumi
nyuzi nyeupe hutoka kwenye nyufa,
zikaelea, zikatua kwenye ndevu zake, zikapotea.

Sasa nyuma kuna kijumba cha mbao:
kitanda kimoja, godoro moja la sakafuni,
cherehani za watu zikisubiri sindano,
na mtungi wa mchanga mbichi
ambamo dawa yake ya sukari hulala kama yai.
Mnada wa Misungwi, mnada wa Lamadi,
kila tunaposimama naushika mtungi kwa kiganja:
bado una baridi?

Ndiyo maana nimeuza pikipiki.
Paneli moja, wati mia na hamsini.
Waya mnene, mwekundu na mweusi. Fyuzi.
Friji ndogo, ndogo kiasi kwamba
baba aliichungulia akasema,
"Hii ni ya kuwekea siri."

Igombe, asubuhi, nikatoboa paa matundu manne
(mkono ulitetemeka; bati la mtu mzima halitobolewi hovyo),
nikaziba kwa silikoni, kidole ndiyo brashi.
Jua likapanda juu ya mawe.
Mita ikasoma ampea sita, saba, saba na nusu,
kisha mbili.
Mbili?
Nikapanda ngazi: kongoti
amesimama katikati ya paneli, kipara kitupu,
mabawa mgongoni kama karani
anayesubiri mshahara wa miezi mitatu.
Baba alicheka mpaka akashika tairi.

Saa tisa akaja fundi Bahebe na baiskeli.
Akainama, akanusa asidi,
akaigonga betri ya zamani kwa spana.
"Hii na mpya usizifunge pamoja.
Kuukuu haishibi. Itainyonya mwenzake usiku kucha,
asubuhi utakuta zote mbili zimekufa."

Hakuna aliyesema kitu.
Ziwa likapiga mawe, likarudi, likapiga.
Baba alikuwa anafuta miwani kwa pindo la shati,
muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.
"Basi itupe," akasema. "Imeshafanya kazi."

Fundi hakuelewa. Au alielewa.
Akamenya waya kwa meno,
akairudisha kuukuu mahali pake, chini ya kiti cha dereva.
"Hii ya kuwasha injini tu. Ile ya nyumba.
Injini ikinguruma, swichi hii inazilisha zote.
Ikizimwa, kila moja na mzigo wake."
Akadai elfu kumi na tano,
akala sato wetu mpaka kichwa, akaenda.

Usiku tukawasha taa, na wadudu wa ziwani wakaja,
wingu zima, wakaingia kwenye chai, kwenye masikio.
Tukazima. Tukalala gizani
tukisikiliza friji ikikoroma kwa pumzi fupi.
"Limi," akaita. Ni yeye aliyenipa jina hilo,
jua, kwa Kisukuma cha mama yake.
"Mtungi ule tutapanda nini?"
Nikajibu pilipili. Alikuwa amekwisha lala.

Alfajiri alipanda usukani bila kuniamsha.
Ufunguo ukazunguka.
Kuukuu ikakohoa mara moja,
ikakohoa tena, ikanyamaza,
na mara ya tatu
ng'ombe wote wa ufukweni wakainua vichwa.