Maji ya Newala

Shaweji wangu walimsifia macho.
"Makubwa haya, atameza mwezi!"
Nami nikajivuna, nikazidisha wanja.

Ila jua likimgusa alijificha kwapani mwangu,
machozi yakitiririka bila kilio,
na mboni ikaingia ukungu
kama ule wa bonde la Ruvuma alfajiri,
usioinuka hata saa sita.

Baba yake akazipeleka korosho kangomba,
hakungoja mnada. Bei ya aibu,
ila nauli ikapatikana.

Daktari akampima, akakaa kimya, akapima tena.
"Mama, huu si urembo, ni presha ya jicho.
Maji yanazidi kuingia, njia ya kutokea imeziba.
Na jicho la mtoto bado laini, linatanuka."

Nilicheka, Mungu anisamehe.
Sisi wa Newala, tulioshuka mteremko usiku
na ndoo, kugombea dumu moja la tope,
leo mwanangu anazimwa macho na maji?

Wakamlaza kwa dawa. Wakamchimbia mfereji
mwembamba kuliko unywele wake.
Mimi benchini, nahesabu vigae,
napotea, naanza upya.

Kilichokwisha kufa, walisema, hakirudi.
Kilichobaki tukilinde: matone asubuhi, matone jioni,
na kupimwa, kupimwa, hata akiota ndevu.

Bandeji imetoka leo.
Hakunitazama mimi.
Alikitazama kitufe chekundu cha sweta la nesi,
akanyoosha mkono, akakikosa,
akanyoosha tena.