Kifungu cha Mia Nne na Kumi na Mbili

Luku inasoma uniti tatu na nukta nne.
Nimezima feni. Kompyuta inanichoma mapajani,
Mbagala Kizuiani, saa sita kasoro,
na vifungu mia mbili bado ni vya Kizungu.

Hakuna anayelipa. Mwasiti aliniuliza,
"Sasa wewe unapata nini?"
Nikamwonyesha kitufe cha kukatiza kazi,
mashine ilivyokuwa imependekeza kiitwe:
*Toa mimba.*
Akacheka mpaka akakaa chini.
Kisha akanyamaza, maana yeye ni mkunga,
na hicho kitufe angekibonyeza yeye
mbele ya mama wa miezi minane.
Nikaandika *Sitisha*. Herufi saba.

Wiki nzima nimebishana na kijana wa Mombasa
tusiyejuana sura. Yeye anataka *nywila*.
Mimi nataka *neno la siri*,
kwa sababu Bi Havijawa wa dirisha la kadi
nywila hajapata kuisikia,
ila siri, za mtaa mzima anazo.
Hilo nikashinda. Nikamwachia *kishale*.

Halafu hiki.
Jina, nafasi tupu, kisha: -mefutwa.
Programu haijui kinachofutwa.
Aliyeitunga hakuwahi kuulizwa na lugha yake
kama ni mtu, au kiti, au dawa, au maradhi.
Yangu huuliza kabla haijafungua mdomo.
Kimefutwa? Yamefutwa?
Nikaandika *imefutwa*, nikalala.

Asubuhi, katika kujaribu, nikamfuta mgonjwa wa mfano.
Nilikuwa nimempa jina la marehemu kaka yangu,
ndilo lililokuja upesi.
Kioo kikaniambia: *Kondo imefutwa.*
Imefutwa. Kama hesabu ya ubaoni.

Nikamwandikia mwenye programu:
tugawie kifungu, kimoja cha watu, kingine cha vitu.
Akajibu kwa adabu kwamba kwao havitofautiani.
Nikaandika kwetu vinatofautiana,
nikakifuta. Mtu hana kosa kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Basi nimetafuta njia ya panya humu humu ndani:
*Taarifa za Kondo zimefutwa.*
Taarifa tu. Zibebe zenyewe.
Yeye hayumo.

Uniti mbili na nusu.
Cha mia nne na kumi na tatu
kinahusu karatasi kukwama kwenye printa.
Hicho chepesi.
Pale zahanati hukwama kila siku.