Mengineyo

Saa nne na robo, ofisi ya kijiji, Handali.
Ajenda ya tatu: mkono wa pampu uliokatika.
Mheshimiwa Chilewa akasimama, akakohoa,
akavua kofia, akaivaa tena,
akaanzia mwaka wa sabini na nne.

Mimi ndiye karani. Niliandika.
"Maendeleo" mara kumi na moja,
"kimsingi" mara tisa,
"kwa maana hiyo" niliacha kuhesabu.
Upepo wa Julai ulipenyeza vumbi chini ya mlango,
likajipanga mstari sakafuni
kama nalo limekuja kuomba nafasi ya kuchangia.

Saa sita.
Nilitaka neno moja tu la kufungia ukurasa.
Gumzo? Gumzo huhitaji watu wawili na kicheko.
Soga hupigwa na wanaopendana.
Porojo lilikaribia,
lakini porojo lina chumvi, humfanya mtu avute kigoda.
Hapa hapakuwa na hata uongo wa kuonja.

Ndahani, yule wa mashine ya alizeti, akaninong'oneza:
"Andika blaablaa."

Neno la Kiingereza hilo,
lilikuja lini sijui,
lilivua viatu mlangoni, likakaa mkekani
na sasa tunaliita shemeji.
Nikamuuliza, huko kwao nani alilizaa?
Akasema pengine hakuna.
Pengine ni mdomo uliochoka kutafuta maana
ukaanza kujiiga wenyewe.
"Fumba midomo. Iachie idondoke. Tayari, umelisema."

Nilijaribu kimyakimya, nyuma ya daftari.
Midomo ikadondoka kweli.
Nikakumbuka bwabwa, ule wali wa mtoto asiye na meno,
uliopikwa hadi ukasahau kwamba ulikuwa punje;
hautafunwi, unateremka tu.
Na kubwabwaja je? Huenda ni ndugu, huenda wamefanana pua.
Mimi si mtaalamu wa lugha.
Dirishani mbuzi akaingiza kichwa, akalia,
na Ndahani akasema, "Huyo naye ana madai yake juu ya neno hili,"
tukaumwa mbavu kwa kicheko tulichokimeza.

Saa saba kasoro.
Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba jina Dodoma ni tembo:
alikuja kunywa, tope likamshika,
na walioona wakasema kwa Kigogo, idodomya,
amedidimia.
Sikuwahi kumuuliza kama ni kweli.
Ila siku ile nilimwona kwa macho.
Neno "maji" lilikuwa limesimama katikati ya hotuba,
zito, na miguu yake minne,
likizama.
Magoti kwanza.
Halafu masikio.
Mwisho mkonga peke yake juu ya tope, ukitafuta hewa.

Ndipo Mbeleje akainuka benchi la nyuma.
Hajawahi kusema mkutanoni, hata kwenye mahudhurio
huinua kidole tu.
Akafungua kitenge, akatoa kile chuma,
nusu ya mkono wa pampu, kutu na grisi,
akakiweka mezani juu ya karatasi za Mheshimiwa.
"Ndicho hiki," akasema.
Akaketi.

Nilisikia bati likilia kwa jua.
Kisha fundi Lemanya akataja bei ya kuchomelea,
noti zikaanza kutoka kwenye pindo za kanga,
na Mheshimiwa akasimama
kumshukuru Mbeleje kwa dakika arobaini.

Kwenye muhtasari niliandika:
Mheshimiwa alifafanua kwa kirefu.
Mkono wa pampu utachomelewa Jumatano.
Mengineyo: hakuna.
Na pembeni, kwa penseli, herufi tatu ndogo.

Mwezi uliofuata tulithibitisha bila marekebisho.
Alipokuwa akitia saini kalamu yake ikasita
juu ya zile herufi.
"Karani, b-l-a. Hiki ni kifupi cha nini?"

Nje pampu ilikuwa ikigugumia, ndoo baada ya ndoo.

"Cha kirefu, Mheshimiwa."