Kiolezo

Mtihani ni Jumatatu. Nimekalia pipa lililolala,
daftari gotini, hapa Kamukunji,
na shangazi Syombua anapasua pipa jingine kwa patasi
kama anayemenya chungwa la chuma.
Namsomea kwa kupaza sauti; nyundo za majirani hazina adabu.

Wagiriki wa kale, shangazi, walibishana
ulimwengu ulitokana na nini.
Wa kwanza alisema maji.
"Bili alilipa nani?"

Kwake Kaloleni mfereji hufunguka Alhamisi, saa tisa usiku:
hukohoa hewa kwanza,
halafu kutu,
halafu ndiyo maji, nusu ndoo.
Namwambia yupo pia aliyesema hewa.
"Huyo alikuwa macho."

Mwingine moto, uwakao kwa kipimo, uzimikao kwa kipimo.
Anakunja mkono wa sweta, ananionyesha kovu
refu kuliko sentensi zangu.
Nageuza ukurasa.

Chembe, basi: hazikatiki, hazionekani,
hugongana katika utupu mpaka zikawa mwezi, ng'ombe, sisi.
"Bila fundi?"
Bila.
Anautazama mtaa mzima unaogonga, unaogonga.
"Inawezekana. Odera amegonga miaka tisa
na juzi sufuria ilimtokea."

Nafika kwa yule aliyesema fundi yupo,
ila bati hakuliumba: alilikuta
likitikisika ovyo kama mtama kwenye ungo,
akatazama kiolezo kisichozeeka, akalinyoosha
kadiri lilivyokubali.

Nyundo inasimama.
"Kadiri lilivyokubali. Imeandikwa hivyo?"
Imeandikwa.
"Huyo amewahi kushika bati."

Kisha swali ambalo halimo kwenye muhtasari wangu:
kiolezo chenyewe alikitoa wapi?

Napekua. Juu ya kichwa chake, msumarini,
linaning'inia jiko lisilouzwa, limebonyea ubavuni,
aliloachiwa na marehemu Kyengo aliyemfunza kazi.
Majiko yake yote hupimwa kwa hilo, na yote,
leo ndiyo kwanza naona,
yana kibonyeo kidogo upande uleule.

Mwanamke mwenye kitambaa cha zambarau anainua moja,
analizungusha, kidole kinatua palepale.
"Na hapa?"
"Hapo ndipo mkono hushikia," anasema shangazi. "Mia nne."