Namba Arobaini na Saba

Wanasema mteja ni mfalme.
Wafalme wangu huja na makoti yaliyojaa theluji,
wakisukuma vigari vyenye gurudumu moja lililopinda,
wanachomoa namba kutoka kwenye kile kidude chekundu
kisha wanaitazama
kana kwamba wamegawiwa miaka ya kuishi.

Mimi ni Beverley. Kibati kifuani kinasema hivyo.
Kaunta ya mikate, ukipita samaki wa barafu,
Thunder Bay, Februari,
nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.

Ukiwa kwenye maegesho unayaona maghala ya ngano,
ya kijivu, marefu, yamejipanga kando ya ziwa.
Ngano hupita pale kwenda kulisha watu wa ng'ambo.
Mkate wetu sisi huja kwa lori, umeganda, kwenye maboksi,
na kazi yangu ni kuuamsha.

"Umeokwa leo?" huuliza Bwana Lahtinen kila Alhamisi.
Miaka thelathini na moja alifagia vumbi la ngano katika maghala yale.
"Umetoka tanurini leo," namjibu,
naye hucheka kwa pua.
Anaijua tofauti, na anajua kwamba najua kuwa anajua.
Mkate mweusi, mmoja: nusu niipitishe kwenye mashine,
nusu niiache nzima,
maana Aune hapendi mkate uliokatwa na mashine.
Aune tulimzika Oktoba.
Nakata nusu. Naiacha nusu.

Yupo anayebonyeza kila mkate kwa kidole gumba,
kama daktari anayetafuta uvimbe,
akaondoka bila kununua.
Yupo aliyerudisha keki imebaki pembe moja,
akidai haikuwa tamu.
Nikamrudishia pesa zake zote.
Mteja ni mfalme, na meneja alikuwa amesimama pale.

Lakini nilitaka kusema habari ya Jumamosi.

Foleni ilikuwa imefika kwenye majokofu ya jibini.
Nikaita, "Arobaini na nane!"
na mwanamume wa kofia ya manyoya akaanza kuagiza skonzi.
Arobaini na saba alikuwa mbele yangu.
Hakupaza sauti.
Aliilaza karatasi yake juu ya kioo,
akaigeuza ili namba inielekee mimi,
taratibu, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo.
Nyuma yake mlinzi, aliyemfuata tangu kwenye matofaa,
akajifanya anasoma bei ya biskuti.

Ningeweza kusema mashine iliruka.
Mashine haikuruka.
Jicho langu ndilo lililoruka.

Darlene Shawanda. Keki ya binti yake, amehitimu uuguzi.
"Andika Waabigwan."
"Jina zuri. Maana yake?"
"Ua."
Nikaandika kwa krimu ya waridi, mwandiko wangu wa sherehe,
nikaiinua keki nikitabasamu: *Wabigwan*.
Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.
"A ni mbili," alisema.
"Miaka minne chuoni walimwandikia moja."

Mwenye skonzi akakohoa.
Nikamwacha akohoe.
Nikachukua kisu bapa, nikakwangua jina, nikapaka nyeupe,
nikaandika upya, a na a,
zimeegemeana kama watu wanaovuka barafu.
Hakusema ahsante, nami sikuwa na haki ya kuidai.

Mlangoni mlinzi akamwomba risiti.
Nilimwona akiinama, akiiweka keki sakafuni,
penye chumvi na matope ya theluji,
akipekua mifuko ya koti moja baada ya nyingine.
Nilikuwa na glavu mikononi. Nilikuwa na foleni.
Haya ndiyo niliyojiambia.

Ile waridi ya kwanza, lazima niseme, haikutoka yote.
Ukiisogeza keki kwenye taa
unaliona jina langu baya chini ya jina lake.

"Arobaini na nane," nikaita tena.
Alishaondoka.
Skonzi zake sita zilikuwa juu ya mizani,
bado zikipimwa.